Umeme wa Mfaume

Mtaani kwa Mfaume, kule Temeke, umeme ulikuwa haujafika. Serikali ya Mwingereza iliuleta mjini, ikauwasha kwenye majumba ya Wazungu na maduka ya Wahindi, kisha ikaona kazi imekwisha. Temeke walibaki na kandili na koroboi zao. Umeme wote walioujua watu wa mtaa ule uliletwa na mtu mmoja, kwa baiskeli, mfukoni.

Mtu huyo ndiye Mfaume, fundi redio dukani kwa Husseinali, Kariakoo. Redio za enzi zile zilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na tumboni mwake mlikuwa na kikopo cha bati, mafundi wakikiita kondensa. Kazi yake ni kuweka umeme. Kikishashiba, hata uchomoe waya ukutani, umeme unabaki mle ndani, umejikunyata, unamngoja wa kuugusa. Mfaume akikaribia kutoka kazini alikuwa akijaza kimoja, anakitia mfuko wa kaptula, anapiga pedali mpaka Temeke. Akifika barazani anakificha kiganjani na kunyoosha mkono kwa heshima zote:

"Shehe wangu, habari za tangu jana?"

Masikini mwenzake anaupokea kwa moyo safi. Paa! Kofia kule, viatu huku, na baraza nzima inagaragara kwa kicheko. Halafu Mfaume anakaa juu ya kigoda na kuwasomesha: "Umeme ndugu zangu una tabia ya kujificha. Unaweza kukaa mahali kimya, ukadhani hamna kitu. Shauri yako."

Wakamsikiliza, wakaelewa vizuri sana. Ndilo lililokuja kumponza.

Pale dukani Husseinali alikuwa na amri moja, na akiirudia tangu asubuhi mpaka anafunga duka. "Mkono moja kazini, mkono moja mfukoni! Wewe Mfaume, mimi sema mara ngapi?" Sababu yake ilikuwa ya haki. Umeme ukikuingia kwa mkono mmoja utakuunguza kidole, utatukana, utaendelea na kazi. Ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, njiani umepitia moyoni. Kwa hiyo mafundi wote wa redio walifanya kazi kama watu waliokwenda kuposa na wanakitafuta kitambaa cha posa walichokisahau: mkono wa kulia ndani ya redio, wa kushoto umezama mfukoni.

Siku hiyo Mfaume alikuwa ameichomoa redio ya mteja ukutani, ameifungua mgongo, na huku anachunguza anamsimulia mteja kisa cha bwana harusi mmoja mwenye kitambi aliyekwama mlangoni kwa wakwe. Kisa chenyewe kilikuwa na kitambi, na kitambi hakionyeshwi kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni, ukapima hewani ukubwa wa tumbo, mteja akacheka, na Mfaume kwa utamu wa kucheka kwa mteja akairudisha mikono yote miwili ndani ya redio.

Kondensa la redio ile lilikuwa bado limeshiba.

Lilimrusha mpaka kwenye rafu ya valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani ya redio. Valvu zikamwagika juu yake zikipasuka kama mayai, naye akalala chini macho wazi, vidole vinatoa harufu ya nyama. Mpaka leo hakuna ajuaye yule bwana harusi alitokaje pale mlangoni.

Mlangoni kwa Husseinali alikuwa akiegesha mkokoteni wake Kondo, jirani yake Mfaume, mchukuzi mwenye mabega ya kubebea kabati na ulimi wa kubebea habari. Akaitwa amchukue mwenzake ampeleke kwake. Kondo akaingia akisoma kila dua anayoijua, akainama, akamshika Mfaume kiunoni ili amnyanyue. Na mfukoni mwa kaptula, palepale alipokamata, kilikuwamo kikopo cha jioni ile, kimeshajazwa kwa ajili ya baraza.

Yowe la Kondo lilisikika sokoni.

Tangu hapo ukimweleza nini Kondo? Aliapa kwa mama yake na kwa tumbo lililomzaa kwamba yule mtu alimrusha hali amezimia, hana fahamu, hachezi mchezo na mtu. "Umeme umemganda," akasema barazani. "Umeingia haujatoka. Mie nimeuonja."

Mfaume alipopata nafuu, vidole vimefungwa vitambaa, alikwenda mwenyewe kusafisha jina.

"Kondo, ndugu yangu, kilikuwa kile kikopo! Kile ninachowafanyia utani siku zote."

"Wewe si ndiye uliyetufundisha?" Kondo alijibu, akirudi nyuma hatua. "Si ulisema umeme unajificha? Kama unaweza kulala ndani ya kikopo cha dole gumba, utashindwa kulala ndani ya mtu mzima mwenye mapaja yake?"

Baraza likaguna kwa kukubali. Somo alilolitoa Mfaume mwenyewe lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kofia, linamjibu.

Basi wakaacha kumgusa. Hakuna aliyemtukana, ungekuwa nafuu ugomvi. Walimsalimia kwa furaha zote, kutokea ng'ambo ya njia. Muuza kahawa alimmiminia kikombe, akakiweka chini mchangani, akasogea pembeni mpaka akichukue. Kinyozi alimwambia wembe umekuwa butu, kila alipokwenda, wembe uleule uliomnyoa mtu aliyetoka kitini muda huohuo. Msikitini imamu alisema kama kawaida yake, "Jazeni safu, msiache nafasi," na safu ikajazana, bega kwa bega, mpaka ikafika kwa Mfaume. Hapo ikaachwa nafasi ya mtu mmoja upande huu na ya mtu mmoja upande ule. Akasali kama jino lililobaki peke yake kwenye ufizi.

Hayo yote angeyaweza. Alikuwa mtu wa mzaha, na mwenye mzaha huzoea kuwa katikati ya duara. Lililomshinda ni la Chausiku.

Chausiku, mkewe, ndiye aliyemuuguza. Alimkanda, alimfunga vidonda, alimlisha uji. Mara ikaja kutoka Kinondoni habari kwamba Bi Mwanabaraka, mama yake, amesikia yote. Halafu akaja Bi Mwanabaraka mwenyewe. Hakukaa hata akanywa maji. Akasema hamwachi mwanawe alale kitanda kimoja na radi. Chausiku alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mwenye neno, kisha akakunja khanga zake akatoka na mama yake. Mfaume hakuuliza neno lenyewe ni lipi. Alijua, au alidhani anajua: naye pia anaogopa.

Nyumba ilikuwa chumba na ukumbi, ikageuka uwanja wa mpira. Alipika wali ukaungua chini na juu ukabaki mbichi, akauambia, "Hata wewe?" Mchana dukani redio zilimsemesha kutwa, taarifa ya habari, bei za pamba, maulidi, muziki wa dansi, sauti zote hizo na hakuna hata moja iliyosubiri ajibu. Vikopo hakuvijaza tena. Angemrusha nani? Mkono wa kuupokea haukuwepo. Jioni nyingine alijikuta ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, ameutuliza gotini kama mkono wa mgeni.

Mwishowe akavaa kanzu, akapanda baiskeli, akaenda Kinondoni kumtaka mke wake.

Mkwe hamwangalii mkwe usoni. Alikaa barazani, ameinamisha kichwa, na Bi Mwanabaraka akazungumza kutokea nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiegemee nguzo, nyumba yangu ya makuti."

"Mama, mie sina umeme. Umeme haukai ndani ya mtu. Unapita tu."

"Redio zenu hizo, mnazifunga waya unakwenda wapi?"

"Mwingine juu, wa kudakia sauti. Mwingine chini, ardhini."

"Huo wa ardhini wa nini?"

Mfaume akafikiri. Kila jibu lililomjia lilikuwa linamsaidia Bi Mwanabaraka.

"Wa... kushushia umeme, mama. Uliozidi."

"Alaa! Kumbe sanduku lina haki ya kushushiwa, mkwe wangu hana." Mlango ukalia kwa kuegemewa. "Basi utafukiwa. Mchanga mbichi wa Msimbazi, mpaka kifuani, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ushuke wote. Baba yangu mdogo alipigwa na radi shambani akafukiwa hivyohivyo, akaja kuzaa watoto. Ukitoka, mkeo huyo hapo, mimi simzuii."

Mfaume alijua ni upuuzi. Alijua pia kwamba akikubali, atakuwa amekiri mbele ya watu wote kwamba alikuwa na umeme, yeye fundi, na Husseinali atamcheka mpaka ashikwe na kikohozi. Ndani ya nyumba alisikia kinu. Aliujua ule utwangaji, pigo moja zito na moja la kupumzika. Ulikuwa wa Chausiku.

"Nitafukiwa," akasema.

Jumapili Temeke ilihamia bondeni Msimbazi. Kondo ndiye aliyechimba, akamshusha Mfaume shimoni kwa kumwonyesha njia kwa mpini wa jembe, akamzika mpaka kwapani, mikono nayo ndani. Mchanga ulikuwa wa baridi na mzito, ukambana mbavu. Watu walikaa mbali kidogo, wakila karanga na mihogo ya kuchoma.

"Unausikia unashuka?" Kondo akauliza.

"Nausikia kaa ananipanda gotini."

"Huyo naye anausikia. Tulia."

Walicheka, naye akacheka, na kwa kitambo kidogo ikawa kama zamani. Lakini mtu aliyefukiwa ni kitu cha kutazamwa mara moja. Jua lilipopanda karanga zikaisha, wakahamia kivulini, mgongo kwake, wakaanza mazungumzo yao. Aliona visigino vyao tu. Nzi alitua juu ya paji la uso wake, akatembea taratibu, akakagua nyusi, na Mfaume hakuwa na mkono wa kumfukuza. Akamwacha. Alikuwa ndiye kiumbe wa kwanza kumkalia bila wasiwasi tangu siku ile.

Adhuhuri Bi Mwanabaraka akaagiza kutoka chini ya mwavuli wake: "Ajaribiwe."

Wakasukumana. Kondo akasukumwa zaidi kuliko wote, kwa kuwa ndiye shahidi. Akapiga bismillahi, akafumba macho, akanyoosha kidole kimoja, akamgusa Mfaume utosini. Akagusa tena. Akaweka kiganja kizima.

"Hamna!" akapiga kelele. "Umekwisha! Jamani, baridi kama mtungi!"

Hapo sasa. Walimshukia wote. Wakamfukua kwa mikono, wakamvuta kwapani, wakampiga mgongoni, muuza kahawa akamkumbatia na mchanga wake wote, kinyozi akampapasa kichwa akasema nywele hizi vipi, njoo kesho. Mfaume alisimama katikati yao, miguu imekufa ganzi, mashavu yamelowa, na ilikuwa bahati kwamba mtu aliyetoka shimoni huwa amelowa kila mahali.

Chausiku akapenya kati ya watu. Hakumgusa kwa kidole wala hakufumba macho. Alimshika kidevu, akakigeuza, akaanza kumtoa mchanga sikioni kwa ncha ya khanga, kama anavyofanyiwa mtoto.

"Umekwisha," Mfaume akamwambia, nusu anatania, nusu anaomba. "Umewasikia. Sirushi tena mtu."

"Najua haukuwepo," Chausiku akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuuguza siku zote zile, nani alikufunga vile vitambaa? Mie siuogopi huo wa mwilini."

"Ulitoka na mama."

"Nilitoka kwa sababu nilikuwa silali. Ukienda kazini nakaa mlangoni, nikisikia mkokoteni unapita natoka mbio kutazama kilichobebwa. Naogopa ule uliomo kwenye masanduku, Mfaume. Siku hiyo ulipata bahati. Ungekuja umefunikwa." Akahamia sikio la pili. "Kwa mama nalala."

Mfaume alikuwa amejiandaa kwa hofu ya kijinga. Hii haikuwa ya kijinga.

"Kesho utakwenda kwa Husseinali?"

Mfaume alikuwa amedanganya Temeke nzima kwa uso mkavu, akiwa na kikopo kiganjani. Angeweza kusema hapana, akarudi naye jioni ileile, halafu wangeona mbele ya safari. Alitazama mikono ya mkewe. Akazifikiria redio zilizolala mezani zimefunguliwa, na kile kitambo kidogo, baada ya kukoroma na kupiga mluzi, ambapo sauti ya mtu hutoka ghafla ikiwa safi. Kazi nyingine hakuijua, na hata angeijua asingeiacha hii.

"Nitakwenda," akasema.

Chausiku akatikisa kichwa polepole, bila hasira. Akamalizia sikio, akakung'uta ncha ya khanga, akaichomeka kiunoni. "Basi mkono mmoja mfukoni," akamwambia. Akageuka, akampokea mama yake mwavuli, wakaanza kupanda ukingo wa kwenda Kinondoni.

Mfaume alitaka kumfuata, hata kwa hatua chache. Lakini watu walikuwa bado wanapanga foleni mbele yake kumpa mikono, wengine kwa mara ya pili, na kila mmoja akiushikilia wake kidogo zaidi ya kawaida, kuhakikisha.