Ukungu wa kijani kwenye uyoga wetu pale Karuba: kosa lilikuwa langu, mjane akaitwa mchawi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye uyoga na wenye ukungu.

Nimesoma uzi wa mwenzetu ambaye masanduku yake yameota rangi ya kijani, na majibu mliyompa. Mmoja kasema apulize dawa. Mwingine kasema afunge mradi. Wa tatu kasema achunguze jirani mwenye jicho baya.

Huyo wa tatu ndiye aliyeniinua kitini.

Mimi ni mzee wa Goma sasa, magoti yalistaafu kabla yangu. Haya nayaandika jinsi yalivyotokea, na sehemu mbaya niliifanya mimi mwenyewe. Mtu akitaka kudanganya, angalau hujipa sehemu nzuri. Kiswahili cha Kivu kikinitoroka katikati ya stori, "njo" badala ya "ndiyo", mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi. Nilikuwa moniteur, yaani mwalimu wa shule ya msingi, pale Karuba kwenye milima ya Masisi. Nilikuwa na suruali mbili, baiskeli moja, na mke mwenye akili kunizidi. Mke wangu tulimwita Mama Riziki.

Siku moja akaja agronome, bwana shamba wa serikali, na chupa sita. Ndani ya chupa kulikuwa na mtama uliofunikwa na nyuzi nyeupe kama pamba. Akasema ile ndiyo mbegu ya uyoga, na kwamba mtu anaweza kuotesha uyoga nyumbani bila kungoja mvua wala kuingia porini.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kueleza faida za uyoga. Nilihudhuria, nikaandika kurasa nne.

Siku ya pili ilikuwa ya usafi. Kuchemsha majani, kunawa mikono, kutambua ukungu. Siku hiyo shemeji yangu kule Bihambwe alikuwa anafungua mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikapima mambo mawili, nikaona usafi mimi naujua tangu utoto.

Nikaenda Bihambwe.

Niliporudi nikakuta brevet yangu, cheti cha mafunzo, imeshaandikwa, ina muhuri na jina langu lote. Agronome alikuwa ameandika za watu wote mapema ili asichelewe safari. Nikaitundika ukutani. Mama Riziki akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Hii karatasi inajua ulikuwa wapi?"

Nikainyoosha msumarini. Mtu mwenye brevet hajibu kila swali.

Tukaunda Comité ya Buyoga, yaani kamati. Huku kwetu uyoga ni buyoga. Rais akawa Papa Bonane, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Kulikuwa na makamu wa kwanza, makamu wa pili, mshauri, mshauri wa mshauri, na mimi: Secrétaire na Expert, yaani katibu na mtaalamu.

Watu sita, vyeo saba. Wa kuchota maji hakuna.

Tulipewa chumba cha maziwa kilichoachwa na mzungu mmoja aliyeondoka. Tukapanga masanduku ya mbao, tukajaza mabua makavu ya maharage. Mabua yalitoka moja kwa moja kwenye zizi la Papa Bonane. Yeye mwenyewe alikuja akitoka kukanda mguu wa ndama mgonjwa, akajifuta mikono kwenye koti, akachukua mbegu kwa heshima zote na kuitia sandukuni. Mbele ya umati. Watu wakapiga makofi.

Kuchemsha? Hakuna aliyetaja. Aliyepaswa kutaja alikuwa na brevet.

Tulitumia chupa tano, ya sita nikaibakiza nyumbani, mahali pa baridi.

Wiki ya kwanza nyuzi nyeupe zikatembea ndani ya mabua. Nikatoa hotuba. Nilisema kwamba Karuba italisha Goma, na Goma italisha dunia. Mpaka leo naisikia sauti yangu na ninaona haya.

Wiki ya pili, kwenye kona ya sanduku la tatu, likatokea doa la kijani. Dogo kama kifungo cha shati.

Papa Bonane akaniita mbele ya comité nzima. "Moniteur, hii kijani njo nini?"

Wakuu, sikujua. Lakini nilikuwa mwalimu.

"Njo chlorophylle, ile rangi ya majani," nikasema. "Kila kitu yenye kukomaa inakuwaka nayo."

Wakatikisa vichwa. Mshauri akasema aliona dalili za chlorophylle tangu jana ila hakutaka kunitangulia.

Siku tatu baadaye chlorophylle ilikuwa imekula masanduku yote. Ukigusa, vumbi la kijani linapaa. Makamu wa pili akalipangusa na ufagio, "kusafisha", na hivyo akalisambaza mpaka kwenye dari. Harufu ilikuwa ya kiatu kilicholala mtoni.

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Kulikuwa na mjane, Mama Mapendo. Alitoka upande wa Walikale kwenye msitu mkubwa, akaolewa Karuba, mume akafa akamwachia watoto watatu. Aliishi kwa uyoga wa porini. Alishuka msituni siku mbili kwa miguu, akarudi na kikapu mgongoni, akauza sokoni.

Siku moja alipita kwenye dirisha letu, akanusa, akasema, "Ile kitu yenu inaoza." Akaendelea na njia yake.

Basi. Ushahidi ukakamilika.

Comité ikakaa kikao. Nina kumbukumbu ya ajenda kwa sababu niliiandika mimi: kwanza, kupitisha ajenda, pili, kijani, tatu, mengineyo. Mama Mapendo alikalishwa nje kwenye jiwe tangu asubuhi. Ajenda ya kwanza ilimalizika jua likiwa kichwani, maana makamu wawili waligombania kukaa kuume kwa rais.

Akaingizwa. Papa Bonane akamwambia, "Mama, bantu banasema ulitupia buyoga yetu bulozi, juu unaogopa tutakuharibia soko."

Yule mama hakulia. Aliinama kwenye sanduku, akanusa, akauliza, "Hii mabua mulichemsha?"

Makamu wa kwanza akamtazama makamu wa pili.

"Na mwenye kutia mbegu, alinawa mikono?"

Papa Bonane akaficha mikono mfukoni. Kisha akanigeukia mimi. "Expert, sema kweli. Sayansi inaweza leta kijani kwa siku tatu, bila muntu kuituma?"

Wakuu, neno moja lingetosha. Ningesema, sikuhudhuria siku ya pili. Nikamwona Mama Mapendo ananitazama, si kwa hasira, kama mtu anayengoja apewe maji.

Nikasema, "Sayansi haiyafika pale."

Nikaandika hukumu kwa mwandiko wangu mzuri: asiuze tena sokoni, na ahame Karuba kabla ya Jumapili ya pili.

Nilimaliza kuandika na kupiga mstari chini kwa rula.

Nyumbani Mama Riziki alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote nikitegemea pole. Akasukuma ungo pembeni.

"Ile siku ya pili ulikuwa Bihambwe."

"Ndiyo, lakini..."

"Watoto watatu, Papa Riziki. Watalala wapi? Ndani ya brevet yako?"

Hakuniongelesha tena siku tatu. Chakula alinipa, tena kizuri, na hicho ndicho kilichonishinda. Ningepigiwa kelele ningejitetea.

Jumapili, baada ya misa, katekista akauliza kama kuna matangazo. Nikasimama. Watu walidhani natangaza mechi ya mpira.

Nikawageukia. Nikasema, "Buyoga ilioza juu yangu. Fundisho ya usafi sikuifuata. Ile siku nilikuwa nakunywa kasiksi. Mama Mapendo hana kosa. Mimi njo mwenye kosa, na niliandika uongo."

Vichwa vyote vikanigeukia. Kisha sauti moja ya mwanamke nyuma: "Aksanti." Ilikuwa ya mke wangu.

Papa Bonane hakuomba msamaha, msijisumbue kungoja. Comité ilikutana siku ile ile, ikanivua vyeo vyote viwili, ikaunda tume ya kuchunguza kasiksi ya Bihambwe. Tume ilikwenda mara nne. Haikuwahi kuleta ripoti. Hukumu ya Mama Mapendo haikufutwa rasmi, ila hakuna aliyethubutu kuitekeleza.

Lakini yeye alikuwa ameshaondoka Ijumaa na watoto, amejihifadhi kwa dada yake Bihambwe. Nikapanda baiskeli na ile chupa ya sita, nikamkuta anatwanga muhogo. Nikaomba msamaha nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa.

Akatwanga. Akatwanga. Mwishowe akauliza, "Unajua kuwasha moto?"

Tukachemsha mabua kwenye pipa saa nzima. Aliniosha mikono kwa sabuni na majivu mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kama mtoto. Sanduku tulilisugua na chokaa na kulianika. Mabua yakapoa yamefunikwa. Lilipotokea doa dogo la kijani, hakuligusa wala kulifagia: alilifunika na kitambaa kibichi, akalikata na mabua yanayolizunguka, akazika mbali na nyumba. Kisha akanawa tena.

"Porini nani alikufundisha hivi?" nikamuuliza.

"Hakuna. Kitu ikioza, unatoa mbele ya kugeuka vumbi. Hiyo inaombaka shule?"

Kila Jumamosi nilikwenda Bihambwe kunyunyiza maji. Tukapata uyoga kumi na mmoja. Mweupe, mzuri, wa kupigwa picha. Tukaukaanga na chumvi na mafuta ya mawese kidogo. Dada yake, watoto, mimi, sote tukamtazama Mama Mapendo akionja wa kwanza.

Akatafuna polepole. Akameza.

"Hauna ladha," akasema. Kisha akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya kikao. "Hii njo buyoga mulitaka kunifukuzia?"

Nikachukua sufuria, nikaenda kuiosha. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Alirudi Karuba mwezi uliofuata na kikapu chake, akauza pale pale pa siku zote. Brevet niliishusha mwenyewe.

Kwa mwenzetu mwenye masanduku: chemsha, poza kwa kufunika, nawa mpaka viwiko, toa kijani kikiwa kibichi, usikifagie. Yule jirani yako mwache alale.

Nanyi wengine, semeni ukweli hapa, hakuna katekista: nani amewahi kumtafuta mchawi huku anajua siku ya pili hakuhudhuria? Nipo, nasoma polepole kwa miwani, nitajibu wote.