Saa ya Kwanza, Maneno ya Mwisho

Rula alikuwa na sharti moja kazini: kilichokwisha kutumwa hakifutwi. Ukikosea, sahihisha, lakini kosa libaki linaonekana, pamoja na jina lako na saa. Jina la Rula alilipata kwa ukali huo. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za programu ambayo maabara za hospitali hutumia kutuma majibu ya vipimo wodini.

Pembeni mwa kila jibu alichora safu nyembamba: limeandikwa lini, limetumwa kwa nani, nani kalibadilisha, limetumwa tena saa ngapi.

Mkuu wake aliitazama kama mtu aliyeona inzi kwenye chai.

"Dada, hii ni programu au umbea?"

"Ni historia ya jibu, bosi."

"Marekebisho matano kwenye jibu moja! Unawavua watu wa maabara nguo hadharani, na wao ndio wateja. Bakiza jibu la mwisho na saa ya kutumwa tu. Basi."

"Saa ipi? Ya kwanza au ya mwisho?"

"Ya kwanza. Waonekane wepesi."

Hapo ndipo pa kukataa. Hakukataa. Tena akaongeza, bila kuombwa na mtu, kwamba matoleo ya zamani yajifute baada ya siku thelathini ili mashine isilemewe. Mwoga akishakubali mara moja, hujitolea. Ofisi nzima ikaupigia makofi ukurasa ule, eti msafi. Uvundo uliofunikwa kitambaa cheupe, na watu wazima wenye vyeti wanausifia kitambaa! Inatia kichefuchefu.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa muuguzi katika hospitali iliyotumia programu hiyo. Siku moja, saa mbili asubuhi, lilimfikia jibu: mgonjwa hana mzio wa dawa fulani. Saa tatu akamchoma sindano ya dawa hiyo. Saa tano maabara wakagundua wamechanganya sampuli, wakabadilisha jibu kimyakimya. Mgonjwa alikuwa ameshavimba koo, akaponea chupuchupu. Na ukurasa sasa ukasomeka: *Ana mzio. Limetumwa saa mbili asubuhi.*

Muuguzi akaonekana amesoma na kupuuza.

Kikao cha nidhamu kilipangwa siku ya arobaini tangu sindano ile. Siku chache kabla yake, wifi alimfuata Rula nyumbani, hata hakuketi.

"Wifi, kile kitu umekitengeneza wewe. Waoneshe nilichosoma."

"Kimeshafutika."

"Nani kakifuta?"



Kikaoni Rula alisimama, akaeleza yote. Mkuu wa maabara alikuwa ameketi palepale, anajua ukweli, anachezea kalamu.

"Una ushahidi?" mwenyekiti akauliza.

"Ukurasa niliuchora mimi."

"Jibu la kwanza liko wapi?"

"Halipo."

"Na huyu muuguzi ni nani kwako?"

"Wifi yangu."

"Makubwa!" mjumbe mmoja akacheka. "Leo wifi anamtetea wifi!"

Wakacheka wote, hata mwenye kalamu. Kisha wakausoma ukurasa kwa sauti, wakauamini.

Wifi yake alifukuzwa baada ya miaka kumi na minane ya uuguzi, na hajaajiriwa tena popote. Kaka yake hajakanyaga kwake tangu siku hiyo. Rula bado ana kazi.