Sauti Niliyomwazima Mgeni

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote. Nasema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kwa kuniuliza siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi. Basi. Mke wa mchungaji wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba huenda nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Usiponiamini sitakulaumu, ila nisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wameshahamishiwa kwenye vijiji vipya. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nilikuwa afisa wa elimu ya watu wazima, na uhamisho wa kwenda Sumbawanga ulinikuta muda mfupi tu baada ya kumzika mke wangu. Alikuwa ameniachia mtoto mmoja, Tusekile, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Nilimwacha kwa bibi yake mzaa mama. Mwanamume peke yake, ugenini, kazi yenyewe ya kuzunguka vijijini kwa baiskeli, ningemleaje?

Ukitaja Sumbawanga watu hukutajia uchawi. Mimi kilichonishinda huko kilikuwa upepo. Ufipa kule juu ni nyasi tupu, hakuna miti ya kuuzuia, basi unavuma kutwa nzima na jioni unaingia chini ya bati na kulia kama mtu. Nilipanga vyumba viwili mtaa wa Majengo. Nikirudi kazini najipikia ugali wa ulezi, nakula, naosha sahani yangu moja, naiegemeza ukutani ikauke. Umewahi kuosha sahani moja kila jioni? Kama hujawahi, mshukuru Mungu.

Likizo ya kwanza nilipokwenda Tukuyu, Tusekile alijificha nyuma ya bibi yake. Nikamwita jina. Akachungulia, akauliza, "Bibi, huyu ni nani?"

Nilirudi Sumbawanga nimeamua kwamba kama sura yangu ameisahau, sauti yangu hataisahau. Jirani wa mama mkwe alikuwa mwalimu mwenye redio ya kaseti. Nikiwa nampelekea mtoto hadithi kwenye kaseti, si atanisikia? Chumba changu cha pili kilikuwa hakina kitu. Nikasema hiki nitakifanya cha kurekodia.

Vyombo nilivipata kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Madukani wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse vinasa sauti. Padri akanitandazia vitu vyake mezani. Kulikuwa na kamera ya sinema, na kwa kweli niliitamani, mtoto anione na uso. Lakini filamu zake zilikuwa lazima zipelekwe Ulaya kusafishwa. Nikaiacha. Kulikuwa na mtambo mkubwa wa mikanda ya magurudumu, mzito kama gunia la mahindi.

"Chukua huu," Padri aliniambia. "Sauti yake safi. Utadhani mtu yuko chumbani na wewe."

"Na kule kwetu watausikilizia kwenye nini, Padri?"

Akacheka, akasogeza mbele kinasa sauti kidogo cha kaseti, cha kutumia betri, chenye kidirisha na mshale ndani yake. Ukisema, mshale unaruka, ukinyamaza, unalala. Nikakichukua hicho. Zikabaki maikrofoni mbili. Moja ilitaka uikaribie mpaka uilambe, na haikujali kitu kingine chochote. Ya pili ilisikia chumba kizima, hata inzi akipita. Nikajipima. Mimi nikisimulia hadithi situlii: nasimama, napiga makofi, naiga fisi. Nikachukua ile inayosikia chumba kizima.

Kosa lake ni kwamba iliusikia na upepo. Ikabidi nianze kuuziba. Nilitundika magunia ukutani, juu ya magunia nikatundika mablanketi, dirisha nikaliziba kwa mbao na matambara, darini nikafunga mikeka. Nilipomaliza, nikafunga mlango, nikasimama katikati. Kimya. Nakuambia, nilisikia damu yangu mwenyewe ikipita masikioni. Huko nje upepo ulikuwa unavuma vilevile, lakini mimi nilikuwa nimejitoa duniani.

Kaseti za kwanza zilifika salama. Mwalimu alinitumia salamu kwa dereva wa lori: mtoto anakaa mbele ya redio, na kila nikitua kuvuta pumzi, yeye ananiambia, "Endelea, baba." Nilimwomba yule dereva anirudie maneno hayo mara mbili.

Sasa njoo kwenye jioni yenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, giza ndiyo kwanza limeingia. Nilikuwa nimeketi chumbani mle, taa ya chemli mezani, kaseti mpya ndani ya mashine, nimevuta pumzi ya kuanza. Nikasikia hodi.

Ilipaswa kunishtua. Ndani ya chumba kile nilikuwa sisikii hata mvua juu ya bati, hodi ningeisikiaje? Lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila mgeni hajiulizi maswali ya namna hiyo. Nilikwenda mbio kufungua.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda kitenge kilichofifia, peku. "Habari za jioni, ndugu," akasema, kwa Kiswahili chenye Kifipa ndani yake. Nikamkaribisha haraka asilowe, nikampeleka mle chumbani penye taa. Alipoketi ndipo nilipoona miguu yake. Ilikuwa na vumbi, ndugu yangu. Vumbi jeupe, kavu, mpaka kwenye vifundo, na nje mvua inamwagika.

"Umetoka wapi, dada, na mvua hii?"

"Upande wa Msanzi. Siyo Msanzi hii ya sasa. Kule tulikokuwa zamani."

"Si mlihamishwa kule?"

"Wenzangu walihamishwa. Malori yalikuja yakawachukua. Mimi nilibaki."

"Ulibaki na nani?"

Alikuwa anaangalia mashine. "Nimesikia unachukua sauti za watu na kuwapelekea watoto," akasema. "Mimi nilikuwa nawasimulia watoto kila jioni. Sasa ni muda mrefu sijasema na mtu. Nikisema, hakuna anayeitika. Niruhusu niseme kidogo."

Ungemkatalia? Mimi nilifurahi. Nilimweleza habari za Tusekile, nikamwambia hadithi yake nitaipeleka Tukuyu. Nikabonyeza mashine, nikamwashiria aanze. Akaanza, na mimi nikatazama kidirisha.

Mshale ulikuwa umelala.

Namsikia kwa masikio yangu, anasema vizuri tu, lakini mshale hautikisiki. Nikasema, "Subiri kidogo, dada," mshale ukaruka. Akaendelea yeye, ukalala. Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Nikaisogeza maikrofoni mpaka karibu na midomo yake, na mkono wangu ulipofika pale nilihisi baridi, kama ile ya kufungua mlango wa nje alfajiri.

"Usihangaike," akaniambia. "Sauti yangu imekwisha nguvu. Niazime yako."

Nikacheka. Ungefanya nini wewe? Nilidhani ni namna yake ya kusema. Nikamjibu kama unavyomjibu mgeni aliyeomba chumvi: "Chukua tu, dada yangu."

Mshale uliruka mpaka mwisho wa kidirisha.

Akasimulia. Sijapata kusikia hadithi ikisimuliwa namna ile. Ilikuwa ya mtoto wa kike aliyepotea kwenye nyasi ndefu wakati wa kuchunga, na nyasi zikawa zinampokezana kutoka mkono hadi mkono mpaka nyumbani kwao. Mahali pa kuimba aliimba kwa Kifipa, na mimi nisiyejua Kifipa nilijikuta nalia. Alipomaliza akainuka, akafunga kitenge vizuri. Nikasema, "Asante sana, dada. Ngoja nikupatie chai." Nilisema kwa sauti kubwa kabisa. Macho yangu yakaangukia kidirishani. Mshale ulikuwa umelala.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi na upepo umeshaingia ndani.

Usiku ule nilihesabu moja, mbili, tatu mbele ya mashine ile mpaka koo likakauka. Nikirudisha kaseti, namsikia yeye vizuri, tangu neno la kwanza baada ya lile "chukua" langu. Kuanzia hapo mimi simo. Asubuhi nikajaribu kinasa sauti cha ofisini. Mwenzangu akisema, kinanasa. Nikisema mimi, kinatoa mvumo mtupu. Mwenzangu akacheka, akasema mashine imenichoka. Mimi sikucheka.

Nikapanda lori mpaka Msanzi na mashine yangu mapajani. Kwa kuulizauliza nilielekezwa kwa mzee mmoja, Mzee Kasiano. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nina sauti ya mtu wa huku, pengine ataitambua. Nikabonyeza. Sentensi ya kwanza haikuisha.

"Zima," akasema.

Nikazima. Akasogeza kigoda chake karibu na mashine. Kisha akasema, "Washa tena." Alisikiliza mpaka wimbo ulipoisha, na watoto wa pale walikuwa wameshasogea wote.

"Huyo ni dada yangu Felista," akaniambia. "Alifariki usiku wa kuamkia siku ya malori. Asubuhi tulimzika haraka haraka, malori yanapiga honi, watu wa operesheni ya kutuhamisha wanatuita. Hata udongo hatukuusawazisha vizuri. Matanga hatukukaa. Tulipofika huku tulikuwa na nyumba za kujenga, na mvua ilikuwa karibu. Hatujarudi." Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza: "Alionekana amechoka?"

Nilimwambia hapana, alionekana mpweke.

Tulikwenda kule walikohamishwa, yeye na wake za wanawe na watoto wao. Nyumba zilikuwa zimeanguka zote, magofu ya udongo ndani ya nyasi, isipokuwa moja, ya Felista. Kaburi lilikuwa nyuma yake. Wanawake walipalilia, wakalia kilio walichokuwa wanadaiwa na nafsi zao miaka yote ile, watoto wakakaa kuzunguka udongo. Na mimi nikasubiri wamalize, nikapiga magoti, nikasema, "Dada Felista, nimekuja kuchukua sauti yangu." Nilikuwa nimeiwasha mashine. Nyasi zilisikika. Mimi sikusikika.

Kaseti yake niliipeleka kwa mwanangu, maana niliahidi. Tusekile aliipenda kuliko zote. Mama mkwe akaniletea ujumbe kwa dereva: "Umeoa, hata kuniambia?" Nikarekodi nyingine za kwangu, nikijidanganya kwamba labda njiani zitapona. Mtoto alikaa mbele ya redio, akasikiliza mvumo upande wa kwanza, wakamgeuzia wa pili. Safari hii ujumbe ulikuwa mfupi. Mtoto anauliza baba amekasirishwa na nini hata hataki kusema naye.

Sikumaliza hata wiki ile. Niliomba ruhusa, nikaenda Tukuyu, nikamchukua. Alinililia njia nzima, lakini nilikuwa namsemesha mdomo kwa sikio, na tulipofika Laela, njiani kuingia Sumbawanga, alikuwa amelala kifuani pangu. Magunia na mablanketi niliyabandua, chumba kikawa chake, na upepo tukaanza kuusikia wawili.

Utaniuliza, basi si mambo yaliisha vizuri? Kwa miaka ile, ndiyo. Lakini watoto hukua. Tusekile ni muuguzi Mwanza sasa, ana watoto wake. Ananipigia simu kila Jumapili. "Shikamoo, baba." Naitikia marahaba, kwa nguvu, mpaka jirani ananisikia ng'ambo ya ua. Yeye hasikii. Simu nayo ni maikrofoni, au siyo? Nimebadilisha simu nyingi mno. Basi tumepatana: napiga kucha kwenye simu, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ananieleza habari zote, watoto, kazi, mume. Akimaliza, hakati. Anabaki kimya kidogo, anasikiliza, na mimi najua anachosikiliza. Wajukuu wangu wa Mwanza wakiulizwa babu anasemaje, wanagonga meza.

Felista hajarudi tena. Nasikia watu wa kule wanapeleka watoto kaburini kila mwaka, wanapalilia, wanasimuliana hadithi pale. Simchukii. Aliomba kwa adabu, nami nikampa.

Ila wewe nakuonya. Kama kuna mtu wenu mliyemwacha nyuma mlipohama, nendeni mkamkalie matanga hata siku moja, kabla hajaanza kutembea kutafuta wa kumsikiliza. Na mgeni akikuomba umwazime kitu, hata kikiwa kidogo, hata kikionekana mzaha, usimwambie chukua tu. Muulize kwanza atakirudisha lini.