Luwombo Ndani ya Mkoba

Daktari alinikataza mafuta. Si mafuta ya kupikia tu: karanga hapana, simsim hapana, ngozi ya kuku hapana. Mishipa ya moyo imebana, alisema. Mimi ni mtu wa kaskazini, na kwetu mboga bila simsim ya kusaga ni chakula cha ng'ombe. Lakini nilifuata. Dodo, mchicha wa huku kwetu, nikachemsha kwa maji, nikala.

Sikumwambia mtu. Mjane wa askari, niliyelea watoto kambini kwa fimbo na uji, nianze kulilia moyo? Tena mjukuu niliyemlea alikuwa amechumbia msichana wa Kiganda, na watu huuliza: ukoo huo wanakufa na nini? Mama yake kijana, binti yangu, alikufa kwa moyo. Kwao tulisema ni malaria. Wakijua na wangu mbovu, msichana hatutapewa.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, Bukoto, nilivaa gomesi rangi ya maziwa. Tukaketi mkekani chini ya hema, kila mzee akaletewa luwombo yake, nyama iliyopikwa ndani ya jani la mgomba. Yangu aliifungua bibi wa msichana kwa mikono yake. Kuku mnene ndani ya mchuzi wa karanga, mafuta yanaelea.

"Kula, Jaja," aliniambia, yaani bibi kwa Kiganda. " Huyu nilimlisha mwenyewe tangu kifaranga."

Waganda wana njia yao. Usipoweza kula, unagusa chakula kwa vidole, unashukuru, imekwisha. Nilijua, nimezeekea Kampala. Lakini mgeni mkubwa kama mimi akigusa tu, maswali yataanza. Basi bibi alipogeukia wengine, nikatia vipande vya kuku kwenye kaveera, mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mkoba, kimoja kimoja, mpaka jani likabaki na mchuzi.

Aliporudi akapiga makofi. "Bannange! Jaja wa bwana harusi anakula!"

Wakati wa kuagana kaveera ilikuwa imepasuka. Mafuta yakapita kwenye mkoba, yakashuka kwenye gomesi mpaka gotini. Shangazi mmoja wa msichana akaona.

"Jaja, mkoba wako unalia machozi!"

Akaufungua. Paja la kuku lilikuwa juu kabisa, limelalia rozari.

Walicheka mpaka wengine wakashika miti ya hema.

"Wamekuja kuchukua msichana, wanabeba na kuku!"

"Mwacheni, kambini ni posho na maharagwe tu!"

Mjukuu wangu alitazama chini. Ndiye huyo niliyemchapa alipokuwa mdogo kwa kudokoa nyama kwenye sufuria. Neno moja lingenisafisha mbele yake. Nikalimeza.

"Kuku ni mtamu," nilisema. "Nilitaka wa kesho."

Wakacheka zaidi. Msichana tukapewa.

Sasa ni mke wa mjukuu wangu, tunakaa nyumba moja. Kila akitoka kwao analeta luwombo kubwa. "Bibi anasema hii ni ya mkoba," ananiambia, anacheka kidogo kwa heshima. Napokea kwa mikono miwili. Akitoka, nawapa majirani, narudi kwenye dodo yangu. Jina la mlafi nimelizoea kuliko ladha ya dodo ile.

Jumapili iliyopita hakutoka. Alikaa mbele yangu, tumbo lake kubwa, maana alikuwa karibu kujifungua.

"Leo nataka kukuona ukila, Jaja. Sijawahi kukuona."

Nikafungua jani. Harufu ya karanga ikanipanda puani, mate yakanijaa. Mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda. Nikaugusa mchuzi kwa ncha za vidole, nikasema asante kwa kupika. Nikaishia hapo.

Alitazama vidole vyangu vinavyong'aa. Kwao wanajua maana yake.

"Ni ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mkoba."

Sasa nilitamani acheke, lakini hakucheka. Aliweka kiganja kwenye tumbo lake, akakiacha hapo.

"Na mama wa mume wangu? Ilikuwa malaria kweli?"

Nilitazama lile jani. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni.

"Hapana," nikasema.

Aliinuka polepole, akaleta maji ya moto na sabuni, akaninawisha kidole kwa kidole kama mtoto. Sikuweza kumtazama usoni.