Tulipomlilia Papa Assani Akiwa Hai

Katika siku zote za vita, mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile tuliyomfanyia matanga mtu aliye hai. Alikuwa ameketi katikati yetu, mkewe kushoto, binti yake kulia, sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, mapajani, na sisi wafanyakazi wenzake tulisimama mmoja baada ya mwingine tukamzungumzia kama anavyozungumziwa marehemu. Yeye alikuwa anatafuna. Askari walipokuja kuuliza ni nani aliyekufa, wengi wetu hatukujua tuelekeze kidole wapi.

Ngoja nirudi nyuma. Ninyi mlioajiriwa chuoni juzi mnaiona sikukuu ya wafanyakazi ya kila mwaka, turubai lake, viti vya plastiki, vitenge vya sare na muziki, mnadhani ilianzishwa kwa agizo la ofisi fulani. Mimi nilikuwapo ilipoanza, na nataka ujue ilianzaje.

Nilizaliwa hapa Kindu. Baba alitoka Kasai kwa kazi ya reli, kama baba za wengi wetu, na reli ikamwacha hapa. Vita ilipotukuta nilikuwa kijana katika sekretarieti ya chuo kikuu. Kazi yangu ilikuwa kubandika matangazo kwenye valve, ule ubao wa mlangoni ambapo wanafunzi wanasoma ratiba na matokeo yao. Kazi hiyo inamfundisha mtu kutazama. Watu wakisoma ubao wanakusahau. Unasimama na gundi yako mkononi, unaona nani anacheka, nani anageuka na kuondoka bila kuaga mtu.

Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja tena. Kwenda shamba la mbali ilikuwa kuipeleka roho yako matembezini, na chumvi tuliigawana kama dawa. Wafanyakazi wa chuo walianza kupungua. Mmoja alikwenda Kailo kulima kwa wakwe zake, mwingine akasukuma baiskeli ya mizigo, wengine wakafuata machimbo ya Kampene. Hatukuwalaumu. Lakini kila aliyeondoka aliacha meza, na juu ya meza ile vumbi lilikaa upesi sana.

Mikutano ilikuwa imekatazwa. Wenye bunduki hawakutaka kuona watu wamekusanyika, hata kwa kunywa chai. Matanga peke yake ndiyo waliyoyaruhusu. Kwa hiyo sisi, ambao zamani tulikuwa na sherehe ya Mei Mosi na maandamano yake, na mpira wa walimu dhidi ya makarani, tulibaki kukutana msibani tu.

Kisha dereva wetu, Papa Ramazani, akafa kwa homa. Tulikwenda wote. Mwanangu, siku ile tulisema maneno mazuri. Mkubwa wa chuo alieleza jinsi Papa Ramazani alivyowahi kulala ndani ya gari njiani, kwenye matope, akilinda mizigo ya maabara wakati yeye, mkubwa, amekimbilia kijijini kutafuta kitanda. Mwalimu mmoja alieleza jinsi alivyombeba mtoto wake mgonjwa mgongoni kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Mjane wake, Mama Zaina, alisikiliza yote. Tulipomaliza aliinua kichwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mawese:

“Haya maneno yote, yeye aliyasikia?”

Mkubwa wa chuo alitazama viatu vyake.

Kulikuwa na mwanamke mmoja kati yetu ambaye swali lile halikumwachia nafasi ya kupumzika. Aliitwa Mama Kapinga, mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na mwendo wake ulikuwa wa polepole hata mvua ikinyesha. Wiki iliyofuata aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

“Papa Kalonji, wewe unaonaka mambo pale kwenye valve. Nani mwingine anataka kutuacha?”

Nilimwambia, “Papa Assani.”

Hapo nikueleze Papa Assani alikuwa nani. Alikuwa mpiga chapa wetu. Wakati ule mtihani ulichapwa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta, ambayo meno ya mashine ya kupigia chapa yanaitoboa, kisha wino unapitishwa kwenye matundu yale. Utepe wa mashine ulikuwa umetuishia zamani, lakini stensili haihitaji utepe. Ndiyo maana chuo kiliendelea kufanya mitihani katikati ya vita. Lakini kilihitaji mkono usiokosea, kwa sababu stensili ikiharibika hakuna nyingine. Mkono ule ulikuwa wa Papa Assani. Akienda, hakuna mtihani, na pasipo mtihani wanafunzi wangetawanyika na chuo kingefungwa milango.

Naye hakuuficha ujuzi wake. Kila alasiri, kazi ikiisha, alituweka mezani kwa zamu, mimi, karani wa maktaba, hata mlinzi wa lango, akatufundisha kupiga chapa. Tulipiga bila utepe na bila karatasi. Yeye alikaa dirishani, mgongo kwetu, anasikiliza tu. “Umeruka nafasi,” angesema. “Kidole kidogo kimelala, kiamushe.” Alikuwa na uvumilivu wa mtu anayemlisha mtoto mchanga. Basi nilipomwona siku kadhaa mfululizo ananifundisha kuweka stensili haraka haraka, ananikaripia, anarudia, nilijua. Mtu anayekufundisha kwa pupa anataka kuondoka.

Ilikuwa kweli. Wafanyabiashara wa madini kule Kampene walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaandikia, na mkewe, Mama Mwajuma, alikuwa amekwisha kufunga mfuko wake. Tusimlaumu mama huyu. Watoto walikuwa na njaa, na yeye aliona mume anatoka asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, bila mshahara.

Mama Kapinga alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Tutamufanyia matanga.”

Nilidhani nimesikia vibaya.

“Matanga njo wanaruhusu,” akasema. “Na matanga njo tunajua kusema. Tutamulilia sasa, mbele ya bibi yake na mutoto wake. Kisha aende kama anataka kwenda.”

Basi tukakutana uani kwa Papa Assani, mtaa wa Mikelenge, chini ya turubai, mchana, watu wote wakiona. Kila mmoja alileta alichoweza. Karani wa maktaba alileta chumvi iliyofungwa kwenye jani, ndogo kama kidonge, na tulishangilia chumvi ile kuliko mnavyoshangilia ninyi mbuzi mzima. Mama Kapinga akaweka sheria. Anayesimama aseme alichokiona kwa macho yake. Asiseme “ni mtu mzuri”, maana hayo hata asiyekujua anaweza kuyasema. Naye Papa Assani akae kimya.

Karani wa maktaba alipoanza kumsifu, Papa Assani alinyoosha mkono apinge.

“Papa Assani,” Mama Kapinga akamwambia, “marehemu hajibu.”

Tulicheka mpaka turubai likatikisika. Naye akarudisha mkono kwenye sombe.

Wakati huo ndipo komanda mmoja alipoingia uani na askari wake. Kicheko kilikatika. Mtu mzima yule, mwenye uso wa kuchoka, alitazama benchi, akatazama sufuria, akatafuta jeneza.

“Nani amekufa hapa?”

Mama Kapinga alisimama polepole kama kawaida yake. Nilimwona anafuta mikono kwenye kitenge.

“Mukubwa, bado hajakufa. Ni ule anakula.”

Komanda alimtazama Papa Assani. Papa Assani aliacha kutafuna.

“Sasa munamulilia ya nini?”

“Juzi tulizika mwenzetu. Tulimusifu vizuri, na yeye hakusikia hata neno moja. Huyu anataka kwenda Kampene, tunataka asikie mbele ya kwenda.”

Mwanangu, sijui komanda yule alimzika nani katika vita ile, wala alikuwa anatoka wapi. Najua tu kwamba alikaa. Alichukua nafasi mwisho wa benchi, bunduki magotini, akasema, “Endeleeni.”

Zamu ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba asiyependa kusema mbele za watu. Alieleza kwamba mwaka uliotangulia alimpa Papa Assani mtihani wake auchape. Katika darasa lile alikuwamo Mwajuma, binti wa Papa Assani. Mwalimu alisema alikwenda nyumbani akiwa na wasiwasi, kwa sababu ni baba yupi asingemnong’oneza mwanawe swali moja tu. Aliposahihisha aliona Mwajuma ameanguka.

“Karatasi iliyomuangusha binti yake aliichapa yeye mwenyewe,” mwalimu akasema. “Siku ya matokeo nilimwona anapita mbele ya valve. Alisoma jina la binti yake, akaingia ofisini, akaniletea stensili ya mtihani wa marudio. Ilikuwa haina kosa hata moja. Tangu siku ile sifungi tena mitihani yangu kabatini. Ninampa yeye.”

Akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, nikamtazama Mwajuma. Alikuwa msichana wa kujibu haraka, mwenye ulimi. Sasa mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kanzu ya baba yake. Baadaye aliniambia kwamba mwaka mzima alikuwa amemnunia, akidhani baba hakujali kama amefaulu ama ameanguka.

Komanda aliinama mbele, akamuuliza Papa Assani:

“Na wewe, unaenda ao unabakia?”

Papa Assani alimtazama Mama Kapinga. Marehemu hajibu. Aliyejibu ni mkewe. Mama Mwajuma hakusimama hata. Alisema akitazama sahani ya mumewe.

“Mimi nilijua anagongagonga mashine tu. Miaka yote hii, hakuna muntu alikuja kuniambia.” Akageuka kwetu. “Atabakia. Nitafungua ule mufuko leo. Lakini musituache na njaa.”

Komanda alisimama, akanawa, akala matonge machache, akatuambia tutawanyike kabla ya giza. Hatukumwona tena.

Hatukuwaacha na njaa, na hilo ulijue pia, kwa sababu maneno peke yake yasingewashibisha. Tangu siku ile kila aliyekuwa na shamba alipeleka kitu kwa Mama Mwajuma, na zamu ile haikukatika. Mtihani ulifanyika. Masomo ya alasiri yaliendelea, na vita ilipotulia, utepe ulipofika kwa ndege, nusu yetu ofisini tulikuwa tunajua kupiga chapa bila kutazama vidole. Na matanga ya walio hai yaliendelea pia, mpaka yakawa sikukuu hii mnayoiona kila mwaka. Tulimlilia mlinzi wa lango, tukamlilia mwalimu wa hesabu, ambaye alikimbilia nyuma ya nyumba tukamrudisha. Hata mimi nilililiwa, na niliyoyasikia siku ile bado ninayo.

Sasa tazama ulipo. Papa Assani ni mzee kuliko mimi, anakuja sikukuuni akitegemea fimbo, anawekwa mstari wa mbele. Mwajuma alifaulu marudio yale, na leo ndiye anayeongoza mafunzo ya wafanyakazi. Kila alasiri ya mafunzo anawaketisha makarani wapya mbele ya kompyuta, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mmoja, “Kidole kidogo kimelala.” Ninapopita pale ninasimama kidogo mlangoni. Nimeona mambo mengi katika mji huu, machache yamenifurahisha kama hilo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Vyeti mnavyogawa ni vizuri, vipokee kwa mikono miwili. Lakini nimesoma vile vya mwaka jana vilivyobandikwa kwenye valve, na vyote vinasema “kwa utumishi mwema”, maneno yaleyale kwa kila mtu. Mwaka huu, kabla ya kumpa mwenzako cheti, simama useme ulichokiona kwa macho yako. Mwite mkewe asikie, au mumewe, na watoto wake, kwa sababu wao wanaona mtu anarudi amechoka tu, hawajui amechoshwa na nini. Na unachokijua mfundishe aliye karibu nawe hata kama huna utepe wala karatasi. Usingoje kifo kikuitie mkutano.

Mungu akuzidishie nguvu za mikono na wepesi wa macho. Akupe wenzako watakaokutaja mezani ukiwa unakula, na nyumba itakayosikia na kufurahi. Kazi yako isikaliwe na vumbi.

Limebaki jambo moja. Mama Kapinga mwenyewe hatukuwahi kumlilia. Kila tulipotaja zamu yake alisema, “Mimi mwisho, anzeni na wengine.” Treni ilipopita tena kwa mara ya kwanza alipanda, kuwatafuta wanawe waliokuwa wamekimbilia Katanga, akatuahidi kurudi. Watu wa reli wanatubebea salamu mpaka leo. Mmoja alisema amemwona kule Kongolo anauza mchele. Mwingine alisema amezikwa kule Kamina. Kila mwaka Mwajuma anamwekea kiti mstari wa mbele, kando ya baba yake, na maneno ya kumsifu tunayo tayari sote. Hatujui tu tumfanyie matanga yapi.