Kiti cha Jumbe na Ulimi wa Mtani

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile siku ya gulio pale Mkuyuni, akida alipokuja kututeulia jumbe. Mdachi ndiyo kwanza alikuwa amejenga boma lake Morogoro. Jumbe wetu wa zamani alikuwa amefariki, kiti kiko wazi. Akida akatuma neno: siku ya gulio, kila anayekitaka kiti asimame uwanjani na watu wake wapange mstari nyuma yake. Mwenye mstari mrefu ndiye jumbe.

Nami nilikitaka kiti kile. Nilikitaka mpaka usingizi ulinihama.

Wewe umenijua leo, na nyumba ya bati, na duka, na wapagazi wanaonishushia ndizi za Kinole mpaka linaposimama gari moshi. Hukunikuta nikipanda mlima peku, gunia la chumvi kichwani. Sikurithi hata mpini wa jembe. Mali hii nimeitoa shingoni mwangu mwenyewe, na hata siku zile za ujana nilikuwa tayari na kanzu nyeupe ya Ijumaa na nyingine ya siku za kazi. Nani mwingine alikuwa nazo mbili? Hakuna.

Aliyeshindana nami ni Mkude, tuliyeingia naye jando mwaka mmoja. Mkude alikuwa na shamba la mihogo na shuka moja, basi. Lakini Mkude akipita njiani, watu walimwita: "Mkude, njoo kwanza!" Mimi nikipita waliniamkia vizuri, wakaendelea na shughuli zao. Mwanangu, kuitwa na kuamkiwa ni vitu viwili mbalimbali. Niliijua tofauti hiyo, ikaniwasha kama upupu.

Watu wa mlimani walikuwa wangu, maana chumvi yangu waliijua. Wa bondeni walikuwa wa Mkude. Waliobaki ni wale wa ng'ambo ya mto, vijumba vichache tu, leo huku kesho kule. Atakayewapata hao amekipata kiti.

Basi nikawaendea. Chama changu cha ngoma, vijana watupu wenye vilemba vyekundu, kikawachezea kutwa nzima wakiimba jina langu. Nikachinja mbuzi dume. Kina mama nikawagawia chumvi kwa kata, sikupima. Wakala, wakacheza, wakasema, "Ahsante sana, bwana." Bwana! Hata mmoja hakuniita ndani.

Kesho yake nikasikia Mkude naye anakwenda. Nikamfuata, nikajibanza kwenye migomba nione amebeba nini. Hakubeba kitu. Alifika na fimbo yake, akaanza kuwatukana!

"Nyie watu wa ng'ambo, mmemla mbuzi wa watu mpaka kwato! Aibu hamna?" Kisha akamgeukia mzee wao mkubwa, aliyekuwa anaota jua mlangoni: "Na wewe mzee, hujafa tu? Jembe la kukuzikia nimelinoa tangu mwaka jana, linashika kutu!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwizi huyu! Siku akija kunizika mfichieni sanda, ataondoka nayo!"

Watu wakashikana mbavu. Wakamvuta ndani, wakampa togwa, yeye aliyekuja mikono mitupu. Na mimi niliyewachinjia mbuzi nilikuwa kwenye migomba, naumwa na siafu. Nikajiambia: kumbe dawa yao ni hii. Watu hawa wanapenda kutukanwa!

Siku ya gulio ikafika. Akida ameketi, askari wawili nyuma yake. Mstari wangu mrefu, wa Mkude mrefu. Watu wa ng'ambo wako katikati, wanatazama huku na huku. Nikaona wakati wangu ndio huu. Nikarekebisha kanzu, nikapaza sauti:

"We mzee, hujafa tu? Jembe la kukuzikia nimelinoa, linashika kutu!"

Mwuza samaki akaacha kufukuza nzi. Mzee akasema taratibu, "Kijana, nimekukosea nini hata uniombee kifo?" Akageuka na fimbo yake, na watu wake wote nyuma, wakaenda kusimama kwa Mkude.

Jioni mjomba wangu, ndugu wa mama, akanifuata. Unajua kwetu Uluguru: baba akikukaripia unaweza kununa, mjomba akikukaripia unakaa chini.

"Mpwa wangu, wale ni watani zako?"

"Hapana, mjomba."

"Wakifiwa, nani anawachimbia kaburi?"

"Ukoo wa kina Mkude."

"Basi Mkude akimwambia mzee hujafa, mzee anasikia kwamba wa kumzika yupo. Ukisema wewe, anasikia unataka afe. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Umeiga ulimi, mpwa wangu, na makaburi je? Umechimba lipi?"

Akachukua mbuzi wangu mwingine, akaenda kuwaomba radhi.

Unadhani wivu uliniisha? Wapi! Ulinenepa. Kila nilipomwona Mkude kwenye kiti, nilibadili njia. Mpaka ukaja mwaka wa njaa, kodi ya nyumba ikapungua, na akida akaamuru jumbe alazwe pale pale gulioni apigwe kiboko. Nilisimama mlangoni pa duka langu. Nikasema moyoni, kiti si ndicho hicho, kikalie.

Mkude aliinuka hawezi kunyooka. Wanawake wa ng'ambo wanalia. Yule mzee akajikongoja mpaka kwake, akamwinamia. "Haya, jumbe. Kiti chetu leo utakikaliaje?"

Mkude machozi yanamtoka, akaangua kicheko. "Nitakikalia kwa tumbo, mwizi wewe!"

Wakacheka wote huku wanalia, wakambeba mabegani mpaka kwake. Gulio likabaki tupu, nami mlangoni na marobota yangu ya kaniki. Mwanangu, siku ile nilimwonea wivu mtu aliyechapwa viboko.

Kwa hiyo nisikilize. Sikwambii uwe maskini. Mimi si mjinga, na umaskini naujua kuliko wewe. Tafuta mali, jenga, vaa. Lakini ukiona mwenzio anapendwa, usikimbilie kuiga mdomo wake. Tazama kwanza mikono yake imefanya nini siku ambazo wewe hukuwapo. Mtani hanunuliwi kwa mbuzi. Pakitokea msiba, shika jembe, uwe wa kwanza shimoni na wa mwisho kunawa. Mimi nimeanza ukubwani, na kanzu zangu zimechafuka sana udongo. Juzi mtoto mmoja wa ng'ambo ameniita mwizi wa chumvi mbele za watu. Sikulala kwa furaha.

Mungu akupe riziki pana na mgongo wa kuibebea. Na siku utakapoanguka chini, akujaalie mtu wa kukuinamia na kukucheka, mpaka na wewe ucheke. Amin.