Hati Iliyozikwa Ipyana

Hati ya hisa za rafiki yangu iko kaburini pamoja naye, kwenye mfuko wa ndani wa koti la kahawia, na mvua za Kyela hazijaisha. Alifariki mwezi uliopita kijijini kwake Ipyana. Ndugu zake walimvika koti lile kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko nguo zake zote. Hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa la mahakamani tu.

Alikuwa mkulima wa kakao. Miaka ya nyuma yeye na majirani zake walinunua hisa za kampuni iliyojenga ghala la kukaushia kakao mjini, kisha wakurugenzi wawili wakashtakiana, kila mmoja akidai kampuni ni yake. Wanahisa wadogo hawakutajwa popote katika kesi hiyo. Hata hivyo yeye aliamini kwamba mtu asipoonekana atasahauliwa, kwa hiyo kila kesi ilipoitwa alipanda basi kwenda Mbeya na kukaa benchi la nyuma. Akirudi, akina mama wa sokoni walimsubiri kwa utani. "Mwanahisa! Leo umetuletea gawio?" Naye aliwajibu, "Nimewaletea tarehe."

Siku moja niliandamana naye. Jaji aliuliza kama wahusika wote wapo, na rafiki yangu akasimama. "Tupo, mheshimiwa." Karani akamgeukia. "Mzee, wewe ni nani katika shauri hili?" Akatoa hati yake, akainyoosha juu. "Mimi ndiye kampuni." Ukumbi mzima ulicheka, na nakiri kwamba nami nilicheka. Kwenye basi, tulipoanza kuteremka Tukuyu, aliniuliza, "Mwandishi, uliwaona mawakili wa wale wakurugenzi wawili? Wameondoka na gari moja." Sikuandika hilo. Wiki chache baadaye mitambo ya kukaushia ilitolewa ghalani mchana kweupe, na kila tuliyemuuliza alitujibu kwamba suala liko mahakamani.

Tulikosea, sisi wenye hisa chache na sisi tuliopewa kalamu. Tulidhani kuhudhuria ni sawa na kusikilizwa. Fahali wakipigana, nyasi huumia. Rafiki yangu alikuwa nyasi iliyojilipia nauli ya kwenda kutazama.

Siku ya kuanua matanga, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Mfilisi aliyeteuliwa kuifunga kampuni anataka kila mwanahisa apeleke hati halisi ndani ya siku thelathini, kwa kuwa daftari la majina halionekani na kila mkurugenzi anasema liko kwa mwenzake. Asiye na hati hatatambuliwa. Mjane alifungua sanduku, akatafuta, kisha akaketi chini. "Koti," alisema. Shemeji yake alikuja juu. "Dada, humfukui kaka yangu kwa ajili ya karatasi!" Naye akamjibu taratibu, "Shemeji, karatasi hiyo ndiyo shamba la ndizi alilouza."

Mjane aliponisindikiza hadi barabarani aliniambia ndaga, asante ya kwetu, kisha akauliza karatasi hudumu siku ngapi kwenye maji. Kaburi halifukuliwi bila kibali cha mahakama, kwa hiyo naye amefungua shauri lake. Liliitwa Jumatatu, likaahirishwa. Siku thelathini za mfilisi hazikuahirishwa, na asubuhi hii Ipyana imeamka na mvua.